Fundi Friji na Muziki wa Jasusi

Fundi friji wa mtaa huu ana kidole kisichojua kutulia. Hata akipewa chai, kidole kinagonga kikombe na mdomo unafuata: vuuum, tiki-tiki-tiki, vuuum. Ndio muziki wa filamu moja ya jasusi anayoipenda kupita zote, hauna gitaa wala ngoma, ni mitambo mitupu inayokoroma na kupiga chafya. Mwambie huo si muziki uone, atakukodolea macho kama umemtukania mama yake.

Leo mama wa nyumba ya kona kamwita. Friji inanguruma, haigandishi, na nyama ya wageni wa jioni imeshaanza kulegea. Fundi kaja, kabandika sikio nyuma ya friji, kafumba macho.

"Vipi, fundi?"

"Shhh! Hapa jasusi anapanda ukuta."

"Nyama yangu inaoza, wewe unaniletea majasusi!"

"Dada, nikiitengeneza, mlio huu ndiyo basi tena. Hebu usikilize kwanza."

"Huo ni ubovu, muziki gani? Tengeneza!"

Akatengeneza, taratibu, uso kama anamzika mjomba. Baridi ikaja, jikoni kukawa kimya. Akakusanya bisibisi zake.

Mama akarudi kwenye vyombo vyake, roho kwatu. Anasugua sufuria, mara mdomo ukamtoroka: "Vuuum, tiki-tiki, vuuum..."

Fundi alikuwa ameshafika mlangoni. Akageuka, meno yote nje.

"Tiki ni tatu, dada yangu. Utamwangusha jasusi!"