Maji ya Hodhi la Yokohama

Bi Duni wa Unguja anashona nguo Yeoville, chumba kimoja mlango wazi, ubavuni mwa saluni ya Angélique, Mkongo wa Bukavu. Kabla ya kufika Johannesburg aliishi Japani miaka sita na marehemu mumewe Karimu, aliyekuwa akinunua magari machakavu Yokohama na kuyapeleka Dar. Habari za huko hazimwishi. Atakwambia Wajapani huinamia simu kana kwamba anayesemeshwa anawaona. Atakwambia choo chao kina ndara zake, na ukitoka nazo ukakanyaga sebule ni kama umeleta choo chenyewe. Atakwambia mtu akikataa kitu hasemi hataki, huvuta pumzi kwa meno, basi hapo wewe jua pa kuondokea.

"Maman Duni, weye!" Angélique humkejeli, vidole vimo nyweleni mwa mteja. "Hao batu umebaota. Japon umeiona kwa televisheni."

"Nimeota na Kijapani changu pia?"

"Kijapani chako nani anakijua hapa? Unaweza kututukana tukasema aksanti."

Lipo jambo moja la Japani ambalo Bi Duni hakumsimulia mtu. Jambo la kuoga.

Walipanga chumba cha juu kwa bibi mmoja aitwaye Mitsuko. Jioni ya kwanza tu bibi yule akamwonyesha kwa mikono: ujisugue hapa nje, ukae kwenye kigoda, ujimwagie, ukishatakata ndio uingie kwenye hodhi la maji moto. Kwa kuwa ni mgeni, aanze yeye. Duni akajisugua, akaingia, akastarehe. Alipotoka, mtu na malezi yake, angewaachia wenzake maji alimokwisha kukaa yeye? Kwao maji ya kuoga mtu hayaogi mwengine. Akang'oa kizibo, maji yakaenda zake, akalisugua hodhi mpaka likang'aa. Akarudi chumbani kifua mbele. "Leo wamejua watu wa pwani wamelelewa," akamwambia Karimu.

Ikawa hivyo kila jioni. Bibi Mitsuko akitabasamu, mumewe akitabasamu, binti yao Haruko akitabasamu. Hakuna aliyesema neno.

Mwaka wa pili ndipo Vuai, kijana wa Pemba aliyekuwa akifungua injini na Karimu, alipokuja kuwatembelea na kuyasikia. Akacheka mpaka akakaa chini. "Bi Duni! Maji yale ni ya nyumba nzima! Huingia mmoja baada ya mmoja, ndio maana mnajisugua nje. Umewakosesha maji moto watu wote hao, na kuchemsha mengine ni gesi na saa nzima!"

Duni hakucheka. Mwezi haukwisha akamhamisha Karimu nyumba ile, kwa kisingizio cha ngazi. Aibu ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, akaja nao hadi Johannesburg.

Sasa, mwaka 2017, kwenye simu yake ukaingia ujumbe. Haruko yuko Afrika Kusini kwa kazi, namba amepewa na Vuai, anaomba kuja kumwona. Na mwisho: mama yangu ana neno kwako, la yale maji.

Bi Duni akaketi. Miaka yote hii, na bado wameyaweka moyoni! Watakuja kumsomea hapa, mbele ya Angélique ambaye anatafuta kisu cha kumchinjia. Siku ile angeweza kufunga duka, akaenda kwa jamaa Hillbrow akajificha. Lakini Duni kumkimbia mtu? Akapiga pasi mtandio wake mzuri, akangoja.

Haruko alikuja mchana, mwanamke mtu mzima sasa, mvi mbili tatu. Akavua viatu nje ya mlango.

"Eish! Mama, ingia navyo, bataiba!" Angélique akapiga kelele, akatoka saluni na chanuo mkononi kuvilinda.

Haruko akainama. Duni akainama. Haruko akainama zaidi, naye Duni hakubali kushindwa heshima dukani mwake.

"Mutabunja migongo yenu!" akasema Angélique. Lakini uso wake ulikuwa umebadilika. Kumbe Japani ilikuwepo.

Wakakaa, wakanywa chai. Haruko akasifu chai. Akasifu hali ya hewa. Akasifu cherehani. Duni anawajua watu hawa, neno lenyewe watalizunguka mpaka jua lichwe, na yeye roho inamtoka. Akaweka kikombe chini, akasema kwa Kijapani.

"Haruko, maji niliyamwaga mie. Sikujua. Sema alilokutuma mama."

Haruko akaziba mdomo kwa kiganja. Mabega yakaanza kutikisika, Duni akadhani analia. Kumbe anacheka.

"Baba alikuwa hatoki nyumbani tangu aache kazi," akasema. "Ulipoanza kumwaga maji tukawa hatuna budi kwenda hamamu la mtaa, wanakooga watu wote. Sote, na bibi yangu mzaa baba tukimshika mkono. Huko baba akakutana na wenzake wa zamani. Ulipohama hodhi likajaa tena, lakini hakuna aliyelitaka. Tuliendelea kwenda hamamu mpaka baba alipofariki. Mama anasema ahsante."

"Na mbona hamkunambia?"

"Uliling'arisha sana. Tuliona vibaya kukwambia."

Bi Duni akashusha pumzi ndefu. Akaona njaa, njaa ya kweli, ambayo hakuwa nayo tangu ule ujumbe uingie.

"Anasema nini? Maman Duni, anasema nini?" Angélique yuko mlangoni, viatu vya mgeni kifuani.

Angeweza kumwambia lolote, nani angemjua? Akamwambia yote, na kizibo, na Vuai kukaa chini. Angélique akacheka akaegemea ukuta, akapangusa macho kwa kiwiko.

"Kumbe ulibakosesha maji baba wa batu!"

"Nikawapatia hamamu," Bi Duni akajibu. Kisha akamgeukia Haruko, kidevu juu. "Na mwambie mama, hata leo ntamwaga. Maji machafu ni maji machafu."

Haruko akainama kidogo. "Amesema utajibu hivyo hivyo."