Mganga Aliyeuliza Mkeka Umetoka Wapi

Iko siku moja, mwanangu, ambayo mpaka leo naionea aibu: siku mwanamke mzee alipoingia nyumbani kwangu Korogwe, akaketi kigodani, akaniuliza maswali, na mimi nikamjibu uongo kila alipofungua kinywa. Nakusimulia kwa sababu nimesikia unahamia mji usio na ndugu, na unatafuta daktari mmoja wa kuwaangalia watoto wako. Kazi hiyo ni nzito kuliko kuchagua mchumba. Mchumba akikudanganya, utafunga mzigo urudi kwenu. Mganga akikudanganya, pengine hutarudi na wote uliokwenda nao.

Kwetu Kwaluguru hatukuwahi kutafuta mganga. Tulimkuta, kama tulivyokikuta kisima. Alimjua baba yangu na babu yangu, akajua nani ana kifua na nani damu yake nyepesi. Kisha ikaja njaa, miaka ile ya Mdachi, na mume wangu Mhina akasikia kwamba reli inataka watu Korogwe. Tukaenda wanne: Mhina, mama yake, mimi, na binti yetu Sauda, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kukimbia.

Wa tano alikuja baadaye, na huyo hatukumtaja kwa mtu. Alikuwa Mbwana, mdogo wake Mhina. Alikuwa kibarua kwenye shamba la mkonge, akatoroka kabla kipande chake hakijajaa. Kipande kilikuwa karatasi ya kutiwa alama kila siku uliyofanya kazi. Ukikimbia nacho kikiwa nusu, watu wa akida walikutafuta, na wakikupata ulikula hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na tano mbele ya watu. Tukamficha Mbwana darini, juu ya jiko, yalipokaa mahindi. Hakuja na kitu ila mkeka aliokuwa akilalia kambini, bado mzuri, na huo akampa Sauda.

"Shemeji," akaniambia, "sina zawadi nyingine. Mwache binti mfalme alalie zulia lake."

Alikuwa mtu wa mzaha, Mbwana. Hata darini alinitania kwamba uji wangu ni mwepesi, anaona chini ya bakuli mpaka Tanga.

Haikupita muda mrefu Sauda akashikwa na homa. Ilikuwa homa ya kuunguza, ya kutapika na kulia kichwa. Mbwana naye alitetemeka huko juu, lakini akasema ni uchovu wa mkonge tu, na sisi tukakubali kwa sababu ilitufaa kukubali.

Jirani akatuletea Fundi Kombo, mganga aliyetoka upande wa pwani, mwenye kanzu safi na ubao wa ramli. Huyu hakuuliza kitu. Na kwetu zamani, mwanangu, hiyo ndiyo ilikuwa alama: mganga wa kweli hukwambia kabla hujamwambia. Anayeuliza ni kwamba hajui. Kombo akachora mchangani, akafumba macho.

"Mmetoka mbali," akasema. "Mmeacha kaburi nyuma yenu. Na kuna mtu anawaonea kijicho."

Mama mkwe akajishika mdomo. Mimi machozi yakanitoka. Leo najiuliza: pale Korogwe, kando ya reli, ni nani ambaye hakutoka mbali? Nani hakuacha kaburi? Lakini siku ile niliona kama amefungua kifua changu akasoma. Akamfunga Sauda hirizi, na siku ya tatu homa ikaondoka. Tukampa beberu wetu mmoja tuliyekuwa naye, tukasema, tumepata mganga wa nyumba.

Baada ya siku saba au nane, homa ikarudi.

Kombo akaja, akatazama ubao wake, akakunja uso. "Adui ameongeza nguvu. Ni mwanamke. Anavuka maji kuja kwenu."

Alipoondoka, Mhina alichukua mpini wa jembe akaanza kuuchonga. Kisha akasema, "Mara ya kwanza adui hakuwa mwanamke. Amekuwa lini?"

"Usimtilie shaka mganga," mama yake akamkanya, "dawa itakataa."

Lakini Mhina alikuwa amesikia kwa wenzake wa relini habari za Bibi Mashavu, Mshambaa wa Mashewa aliyekuwa akiishi ng'ambo ya mto, na siku ya pili akamleta. Sasa fikiri, mwanangu. Nimeambiwa adui ni mwanamke na anavuka maji; na tazama, mwanamke amevuka maji, yuko mlangoni kwangu, nguo yake imelowa hadi magotini. Haikunijia kwamba Kombo alijua vizuri ni mganga gani mwingine anayeitwa na watu wa mtaa ule. Nilimkaribisha kwa mdomo, moyo nikaufunga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Homa ina siku ngapi?"

"Mbili," nikasema. Zilikuwa nne.

"Iliwahi kuja ikaenda?"

"Hapana."

"Mnalala wangapi humu?"

Mama mkwe akanitangulia. "Wanne. Kwani akida amekutuma kuhesabu vichwa?"

"Akida ana watu wake wa kuhesabu, dada yangu. Mimi nahesabu wanaotetemeka." Akainama, akashika pembe ya mkeka aliolalia Sauda. "Mkeka huu umetoka wapi?"

"Nimeusuka mwenyewe," nikasema.

Akanitazama vidole, akautazama mkeka. Hapo Mbwana akakohoa darini.

"Panya," akasema mama mkwe.

"Panya wenu ana kifua kibovu," akasema Bibi Mashavu. Akajifuta mikono, akasimama. "Basi sijui bado. Dawa ya nisilolijua sitoi. Nawaachia majani ya kumwogeshea apoe. Mkikumbuka lolote, nipo ng'ambo."

Alipotoka tulimcheka. Mganga gani huyo, anakuja mkono mtupu na kuondoka na "sijui"? Homa ikapoa tena siku zilizofuata, na tukaishukuru hirizi ya Kombo. Tulimwogesha Sauda kwa yale majani? Mama mkwe aliyatupa nyuma ya nyumba, na mimi nilimwona akiyatupa.

Homa ilikuja mara ya tatu, na safari hii Sauda hakulia. Mtoto anayelia ana nguvu, mwanangu. Anayenyamaza ndiye wa kuogopwa. Kombo akadai mbuzi mweusi, na akasema wazi kwamba adui ni yule bibi wa ng'ambo. Mbwana naye hakushuka kula. Nikapanda na bakuli, nikamkuta macho yamekuwa ya manjano, damu imekauka chini ya pua.

"Ilikuanza lini safari hii?" nikamwuliza.

"Siku aliyoanza binti mfalme," akasema. "Hata ile ya kwanza, na ile ya pili. Sisi tunakwenda pamoja kama mabehewa."

Nikabaki nimeshika ngazi. Kama mtu ametuonea kijicho, anamroga Sauda, sawa. Lakini Mbwana je? Hakuna aliyejua kuwa yupo. Mtu asiyejulikana yuko wapi, nani amroge? Na hirizi hakuwa nayo, mbona homa yake iliondoka siku ileile iliyoondoka ya mtoto? Basi aliyeiondoa hakuwa Kombo. Ilikuwa ikienda na kurudi kwa miguu yake yenyewe, na Kombo akisimama njiani kupokea beberu.

Asubuhi ileile nilivuka mto. Nilimkuta Bibi Mashavu akipeta mtama. Nikapiga magoti, nikamwambia yote: siku za homa, kuja na kwenda kwake, mtu wa darini. Hakuuliza kwa nini nilimdanganya. Aliuliza jambo moja tu.

"Na mkeka?"

"Wa kambini, bibi. Kambi ya mkonge."

Akaweka ungo chini, akachukua mkoba wake.

Alipofika hakugusa mtoto kwanza. Aliinua mkeka, akachokoa udongo wa chini kwa kijiti, karibu na ukuta, na wakatoka papasi: wadudu wa kijivu, bapa, wenye ngozi iliyokunjamana, wamejaa damu ya mtoto wetu. "Hawa hukaa kwenye kambi na nyumba za wasafiri," akasema. "Husafiri ndani ya mikeka. Wanapouma huacha homa ya kwenda na kurudi." Mwanangu, mithali ya kwamba kikulacho ki nguoni mwako nilikuwa nimeisikia tangu utoto, na sikuwahi kuinama kutazama nguoni. Nilitazama ng'ambo ya mto.

Mkeka ukachomwa. Nyumba ikatolewa vyombo vyote, sakafu ikamwagiwa maji ya moto na majivu. Sauda akapelekwa kwa Bibi Mashavu, akanyweshwa mizizi michungu na uji kidogo kidogo, kijiko baada ya kijiko. Mbwana tukamteremsha, tukamlaza barazani mchana kweupe. Watu wakamwona. Hakuna kati yetu aliyejali tena.

Kabla ya kuvuka na Sauda, Bibi akamwekea Mbwana sikio kifuani.

"Shemeji," Mbwana akaniita, "sasa naruhusiwa kukohoa?"

"Kohoa, baba," nikamwambia.

Hakuwahi. Alikata roho kabla ya adhuhuri.

Sauda aliishi. Homa ilimrudia mara moja zaidi, nyepesi, kama mtu aliyesahau kitu akapita kukichukua. Siku ya kumchukua, Bibi Mashavu alinikalisha, akanipa karipio langu. "Hukukosea kunishuku. Mgeni lazima ashuku, hamjui mtu. Lakini ulinishuku kwa sababu nimeuliza, ukamwamini mwingine kwa sababu hakuuliza. Mganga asiyeuliza hakutafuti wewe, anatafuta mshangao wako. Yule kijana nilimsikia. Nilisubiri mnipe ruhusa ya kumwona. Mficha maradhi, mwanangu, kifo humuumbua."

Sikwambii kwamba angemponya Mbwana. Yeye mwenyewe hakusema hivyo hata mara moja, na ndiyo sababu akawa mganga wa nyumba yangu mpaka alipokufa. Kombo hata siku moja hakukosa jibu.

Basi sikia. Usingoje mtoto aungue ndipo uanze kutafuta mlango wa daktari. Nenda ungali mzima, na uende na shaka yako, usiiache nyumbani. Shaka ni haki ya mama. Ila uipe kazi ya maana. Kanzu safi au kibao mlangoni visikupumbaze. Sikiliza kama anauliza: mnalala wapi, maji mnachota wapi, nani mwingine anaumwa. Kuuliza si ujinga. Msikilize akitaja waganga wenzake. Anayekujaza hofu juu yao anakulindia mfuko wake, hakulindi wewe. Homa ikiondoka, angalia nani anakimbilia kushukuriwa. Na siku ngumu ikifika, mwulize jambo lisilo na jibu rahisi, uone kama ulimi wake unaweza kusema "sijui." Asiyeweza, mwache hapohapo, hata kama mji mzima unamsifu.

Lakini ukishampima akatosha, shaka hiyo iweke chini. Mwambie yote, ya aibu na ya hatari, na yule ambaye jirani hapaswi kumjua. Daktari uliyemficha nusu ya nyumba atatibu nusu ya nyumba.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie kwenye huo mji usio na ndugu, akukutanishe na mtu mwenye masikio marefu na ulimi mfupi. Wanao wakue hadi wakuchoshe kwa kelele. Na asiwepo chini ya dari yako hata mmoja anayekosa mtu wa kumwuliza, "wewe, unaumwa wapi?" Amina.