Mate ya Watu Wenye Mgongo Kama Wangu

Fundi cherehani alikuwa akimpima binti yangu sare ya shule aliponiambia, "Mama, bega moja iko juu." Binti alikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilimwinamisha pale pale. Upande wa kulia wa mgongo ulinyanyuka, sawasawa na wangu nilipokuwa na umri wake.

Daktari hapa Kamina alisema chanzo hakijulikani. Ila kulikuwa na watafiti Lubumbashi waliotaka mate ya familia kama yetu, waliopinda na walionyooka, waone ni alama gani ya urithi inayofuatana na ugonjwa kutoka mzazi hadi mtoto. Nilikubali kabla hajamaliza. Nilidhani wakijua chanzo watajua dawa.

Aliyepinda kuliko sisi sote ni tantine, dada ya baba yangu, anayekaa Kabongo. Nilimfuata kwa pikipiki, kichupa cha mate mkobani, mgongo ukiniuma njia nzima.

"Munatafuta mwenye alileta ugonjwa," alisema.

"Hapana, tantine. Banatafuta alama tu."

"Na ile alama ikionekana kwangu? Bandugu ya bwana yangu batasema njo miye niliharibisha batoto yabo."

Nilifungua blauzi, nikampa mgongo. Maisha yetu yote tulikuwa tumejifunika vitenge, hatujawahi kuonyeshana. Alipitisha kidole taratibu juu ya mfupa uliopinda.

"Leta kichupa," akasema.

Baada ya mwaka na zaidi mtafiti alinipigia simu. Familia yetu ni ndogo mno, alisema. Alama waliyokuwa wakiifuata wameikuta hata kwa kaka yangu aliyenyooka. Hawawezi kusema kitu.

"Na mutoto wangu?"

"Mama, hii utafiti haikuwa matibabu. Tulikuambia."

Kweli waliniambia. Imeandikwa kwenye karatasi niliyotia sahihi, na hilo ndilo linalonikera: sina wa kumlaumu. Mwaka ule wote nilingoja simu badala ya kumpeleka mtoto Lubumbashi kutengenezewa mkanda wa kuzuia mgongo usizidi kupinda. Tulipofika, fundi wa mikanda alitazama picha ya eksirei, akasema mfupa umeshakomaa, mkanda hautasaidia tena.

Nilipomwambia binti yangu kuhusu ile simu, alikuwa akisuka nywele za jirani. Hakuinua kichwa.

"Basi baache mugongo yangu, maman. Na weye pia."

Akaendelea kusuka, bega moja juu.