Beseni la Baba

Miaka ya sitini, kabla hajaokoka, baba alikuwa akichekesha watu siku za soko pale Kwa Vonza. Mchezo wenyewe ulikuwa mmoja tu. Anapanda ngazi na beseni kichwani, anajifanya fundi wa paa, anamsalimia mama fulani kwa heshima zote, anateleza, na beseni linamfunika. Ndani mlikuwa na makapi ya mtama. Watu walishika mbavu. Kisha akaokoka, mama akasema mtu mzima kuanguka-anguka sokoni ni aibu, na ngazi ikageuzwa mahali pa kuku kulala.

Miaka ya themanini akaja jamaa wa Kibwezi mwenye kamera, aliyeonyesha filamu fupi kwenye kumbi za barabara ya Mombasa hadi Kambu. Alitafuta vichekesho. Mimi, ambaye kukaa kitako sijawahi kujua, nilimsumbua baba wiki nzima. Alikubali kwa sababu moja aliyoninong'oneza: alitaka kumwona mama akicheka tena kama zamani. Ila nyonga yake ilikuwa mbovu. Angeanguka mara moja tu.

Jamaa akasema makapi hayataonekana vizuri, watu wa siku hizi wanataka maji. Nikakimbia nyumbani, nikajaza beseni kutoka kwenye pipa. Kiangazi kilikuwa kimetukaba, na maji yale mama alikuwa ameyaleta kwa punda asubuhi hiyo, baada ya kupanga foleni kwenye kisima kilichochimbwa katika mchanga wa mto mkavu. Sikufikiria. Nilikuwa nawaza jua, nyonga ya baba, kamera isije ikagoma.

Baba akapanda, akasalimia, akateleza. Maji yakamwagika yote. Hakuna aliyecheka. Wanawake waliokuja kutazama waliguna kwa uchungu, kisha wakaja mbio na sufuria kuyaokoa kabla ardhi haijayanywa. Baba, badala ya kubaki amelala kama tulivyopanga, akapiga magoti na kuanza kuyachota kwa viganja. Mama mmoja akateleza, akamkalia mgongoni. Nilitaka kulia. Nilijua nimemharibia, na hakukuwa na marudio. Nyumbani mama alikuta pipa limepungua, hakunisemesha siku mbili.

Filamu ilionyeshwa mchana katika ukumbi wa kanisa, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Mama alikubali kuja kwa shingo upande. Nilikaa, nikasimama, nikakaa, nikasimama tena. Baba alipoanguka, ukumbi ulikuwa kimya. Alipoanza kuchota matope yale na yule mama mgongoni, watu walicheka mpaka mabenchi yakalia.

Baba akaniinamia. "Hapo sikuwa na-act, wewe. Nilikuwa naokoa maji ya mama yako."

Kisha akageuka kumtazama. Mama alikuwa anajifuta machozi kwa leso, amecheka mpaka sauti imemwisha.

"Mwambieni huyo wa kamera arudishe nyuma," alisema alipopata pumzi. "Nataka kuona vile mzee wangu anachota."

Ikarudishwa mara tatu. Mara ya tatu ndipo na mimi nilipokaa, nikatulia.