Mtoto Hulikizwa na Mavuno

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, mama mkwe wangu aliniita nikasimame nje ya mlango wa nyumba yangu mwenyewe, kama mtu aliyekuja kuomba moto. Yeye alikuwa ndani, mlango umerudishwa nusu, na mimi nje nimeinamisha kichwa. Mkwe hatazamwi usoni, na wakati ule tuliishika adabu hiyo kwelikweli. Alikuwa ameitwa kuja kumlikiza mwanangu wa kwanza, Shabani, na aliyemwita ni mimi.

Neno lenyewe siku hizi nalisikia kwa nadra. Kliniki wanasema kumwachisha mtoto kunyonya, wengine kumwachisha ziwa, na wote wanasema sawa. Sisi watu wa Chumbi tulisema kumlikiza. Mwalimu mmoja aliyewahi kupanga chumba kwangu aliniambia kwamba hata likizo ya wafanyakazi imetoka humo humo, kwamba kulikiza ni kumpa mtu ruhusa aondoke alipokuwa. Mimi shule niliingia kidogo tu nikatoka, ya vitabu nawaachia wenyewe. Lakini aliposema "ruhusa" nilicheka peke yangu, maana mimi maana ya neno hilo nilifundishwa pale mlangoni, kwa kuaibishwa.

Sikiliza ilivyokuwa. Mke wangu Zuhura alipojifungua, mimi nilihamia barazani na kitanda changu cha kamba. Ndivyo ilivyokuwa desturi. Wazee walisema baba akirudi chumbani mapema mtoto hubemendwa, miguu inalegea, anakonda, na watu wanakunyooshea kidole sokoni. Wauguzi wa leo wanatueleza mengine, na mimi sibishani na muuguzi, nimezeeka sasa. Lakini wakati ule mwanamume alingoja mpaka mtoto alikizwe. Basi mimi nikangoja. Nikangoja, mwanangu, mbu wa bonde la Rufiji wakanifahamu kwa jina.

Shabani alipoanza kukimbiza kuku uani, nikaona huyu sasa ni mtu mzima. Nikamwambia Zuhura, akaniambia bado. Nikamwambia tena, akampakata mtoto akamnyonyesha. Kwetu mtoto wa kwanza hulikizwa na bibi mzaa mama, kwa hiyo nikamtuma shangazi yangu aende Mbuchi, kwao Zuhura, akamwambie mkwe kwamba mjukuu yu tayari. Shangazi aliniuliza kama mke wangu amekubali. Nikamjibu kwamba wanawake hawajui kuamua. Akajifunga kanga, akaenda.

Nami sikuangalia majira. Ulikuwa wakati ule ambao mpunga umesimama shambani kijani kitupu, mto unajaa, na ndani ya nyumba hakuna kitu. Mkulima wa bonde anaujua mwezi huo bila kuangalia kalenda, anaujua kwa tumbo.

Mama mkwe, Bi Siwema, akafika na kapu la kamba wakavu kichwani. Mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini ambayo hata kuku waliitii. Alikula, akalala, hakuuliza kitu. Asubuhi ndiyo akaniita pale mlangoni.

"Baba Shabani, nimeambiwa nije nimlikize mtoto."

"Ndiyo, mama."

"Vyema. Nionyeshe anakokwenda."

Sikumwelewa. Nikasema haendi popote, mama, atabaki hapa hapa nyumbani.

"Mtoto haondolewi mahali," akasema. "Hupelekwa mahali. Kwa mama yake namtoa, haya, namweka wapi? Niletee hicho atakachokula."

Nikaenda jikoni kama mtu aliyetumwa sadaka. Nikarudi na ungo una makopa, ile mihogo iliyokauka mpaka inagongana kama mawe, na mahindi kidogo yaliyoanza kubunguliwa. Nikausukuma ungo pale mlangoni. Nikausikia mkono wake ukichambua, taratibu. Kisha akauliza kama mjukuu wake ameota magego, na mimi nikajibu bado, ana ya mbele.

"Basi hiki chakula cha punda. Sasa hebu niambie kweli, baba. Aliyechoka ni mtoto amechoka ziwa, au ni baba amechoka baraza?"

Ndani nikamsikia Zuhura akikohoa. Hakuwa na kikohozi. Na shangazi yangu, aliyekuwa akifagia uani, akaendelea kufagia mahali pale pale palipokwisha kuwa safi.

Ardhi haikupasuka, nikabaki nimesimama. Hapo Bi Siwema akaniambia jambo lililonitoa jasho kuliko swali lile. Kwamba mtoto hulikizwa na mavuno, halikizwi na baba wala bibi. Kwamba nikimtaka alikizwe leo, yeye atamchukua binti yake na mjukuu wake waende Mbuchi, kwenye samaki, na mavuno yakija kwangu nitume mtu, ataona kama watarudi. Alisema "kama", mwanangu. Nami niliwajua wanaume waliopelekewa neno hilo na wake zao hawakurudi. Zuhura nilimpenda. Sikuwa na ufundi wa kumwambia, lakini nilimpenda, na Shabani ndiye aliyekuwa akinipokea uani kila nitokapo shamba.

Nikamwomba asiwachukue. Kumwomba mkwe ni kazi, maneno yanatoka yamepinda. Mwishowe akasema atakaa nasi mpaka mpunga uive. Yeye atalala na binti yake, na mimi nihamie shamba, kwenye dungu, kile kibanda cha mlinzi kilichoinuliwa juu ya miti, nilinde mpunga usiliwe na nguruwe na ndege. "Barazani unalinda nini?" akauliza.

Basi nikapanda dunguni. Na nakwambia kweli, mwaka ule sikupoteza mpunga kwa ndege kama miaka mingine. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Katika kila jani nililolitazama niliona kijiko cha mwanangu. Kabla ya hapo nililima kwa sababu baba yangu alilima. Mchumia juani hulia kivulini, wanasema, lakini mimi kwa mara ya kwanza nilijua nachuma kwa ajili ya mdomo wa nani.

Huku nyumbani, jirani mmoja alimwendea Bi Siwema akamshauri wasingoje mavuno, wapake shubiri, mtoto ataonja uchungu na atakimbia mwenyewe. Wengi walifanya hivyo, wengine pilipili. Zuhura ndiye aliyenisimulia jibu la mama yake.

"Ziwa hili limemlea. Ndiyo tulitie uchungu, waagane kwa matusi? Aliache akiwa analishukuru."

Nimekwisha kuwa mzee, nimesikia mawaidha mengi msikitini na mikutano mingi ya serikali, na bado sijasikia neno la kulizidi hilo.

Mpunga ulipoanza kuiva, ukiwa bado na ubichi kwa ndani, Bi Siwema akaja shambani na Zuhura na mtoto. Akavuna kidogo, akaukaanga, akautwanga pepeta pale pale chini ya dungu, akailainisha kwa tui. Harufu ya pepeta mpya, ewe mwanangu, mgonjwa huamka. Nilidhani sasa atamlisha mjukuu wake. Akaweka bakuli mbele yangu, akageuza uso upande, akasema:

"Mpe wewe."

Nikampakata Shabani nikamtilia mdomoni. Akaitema kifuani kwangu. Nikamtilia tena, akatema. Nikasema labda ampe mama yake, mimi mikono yangu migumu. Bi Siwema, uso bado upande, akaniambia mama yake alikwisha kumpa siku zote, hata siku zile chuchu zimechubuka, na hakumwita mtu. Nikatia kidole kwenye tui nikampa akinyonye. Akakinyonya. Halafu pepeta kidogo kwenye kidole hicho hicho. Akatafuna, akanitazama, akafungua mdomo mwenyewe.

Zuhura alikuwa amekaa pembeni na machozi yanamtoka. Sikujua kumbe na mama naye hulikizwa. Bi Siwema akamshika bega, akamwambia, "Mpe ruhusa, mwanangu." Naye akatikisa kichwa kukubali. Mtoto alirudi ziwani mara chache baadaye, kila siku kwa uchache, mpaka yeye mwenyewe akasahau. Hakukonda hata kidogo.

Bi Siwema aliporudi Mbuchi nilimbebea kapu mpaka kwenye mtumbwi. Alikwisha kufariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kuzaa si kazi, kazi kulea, na kulea kule nilifundishwa na mtu ambaye hadi anaingia kaburini sikuwahi kumtazama usoni.

Mwanangu, wewe una simu, una maziwa ya kopo dukani, na mke mwenye ajira inayomsubiri. Huna haja ya dungu. Lakini neno ni lile lile. Usimwondoe mtu kwenye riziki yake kabla hujaiweka nyingine mbele yake, na uiweke kwa mkono wako. Ukitaka mtoto aache ziwa, andaa uji kwanza, na umlishe wewe. Ukitaka kijana atoke nyumbani, mwonyeshe shamba kwanza. Na yule anayeachwa, mama au baba, mpe muda alie. Wala usimfukuze mtu kwa shubiri ili iwe rahisi kwako.

Mola akupe watoto, akupe na cha kuwapa. Wakiondoka mikononi mwako, waondoke wameshiba, na wakigeuka nyuma wakuone umesimama, unawapungia. Amina.