Palizi Niliyoifanya Kando ya Lumemo

Watu wakisifia shamba safi, mimi huinamisha uso. Nina sababu.

Mama mkubwa, dada yake mama yangu, alikuwa na kipande cha ardhi kando ya mto Lumemo. Zamani alilima mpunga mpaka ukingoni kabisa, na kila masika mto ukawa unamega udongo, ukilisogelea kaburi la mumewe. Ndipo akaacha kulima upande ule. Mafuriko yalipopungua yaliacha tope jipya lenye mbegu, na miche ikaota yenyewe: mikuyu, mivule, mingine siijui. Mingi ilikufa. Mingine ilioza chini ya maji, mingine ikakaushwa na jua la kiangazi. Iliyopona ni ile iliyojificha ndani ya majani marefu, yaliyoipa kivuli na kuyapunguzia maji kasi. Mama mkubwa aliujua mche mmoja mmoja. Alisema ikivuka masika mawili tu, mizizi itaushika ukingo na mzee atalala salama.

Alipokwenda Mahenge kumuuguza kaka yake, aliniachia shamba.

"Zuia mbuzi tu," aliniambia. "Jembe liache nyumbani."

Kazi rahisi, au siyo? Lakini sisi wakulima wa mpunga tuna ugonjwa wetu: majani shambani ni fedheha ya ukoo mzima. Wapita njia wakaanza kunitania, mara wananiuliza kama nafuga nyoka, mara kama jembe langu limeolewa. Na mimi kwa kiburi changu, nikachemka. Asubuhi moja nilibeba jembe na panga, nikafyeka na kupalilia mpaka ukingoni. Miche niliiona, jamani, nisidanganye. Nilijiambia ni vijiti tu, vitachipua tena. Kufika saa sita mchana palikuwa peupe kama uwanja wa kanisa, nami nimeshika kiuno nikisubiri sifa. Nilizipata.

Aliporudi nilimpa shikamoo, na kabla hajamaliza kuitikia nikamwambia mbuzi walituvamia. Alitembea hadi ukingoni, akachuchumaa, akapapasa visiki vidogo vilivyokatwa mshazari kwa panga. Mbuzi gani anakata hivyo? Nilitamani ardhi inimeze. Yeye alisimama, akakung'uta mikono, akaniuliza kama nimekula.

Masika yaliyofuata mto ulikuja na nguvu zake zote, na pale ukingoni haukukuta cha kuuzuia. Udongo ulimeguka siku baada ya siku. Msalaba uliinama kwanza, kisha asubuhi moja haukuwepo, wala kaburi lenyewe halikuwepo. Ndugu za marehemu walimjia juu mama mkubwa. Walitaka kujua ile miche aliyokuwa akiisifia kila kikao imekwenda wapi, na ni uzembe gani huu wa kumwacha ndugu yao achukuliwe na maji. Nilikuwa nimekaa mkekani pembeni yake. Maneno yalikuwa yangu kuyasema, nami niliyameza. Hata leo nikikumbuka najichukia.

"Mbuzi waliingia," mama mkubwa akasema.

"Mbuzi wa nani?" shemeji yake akauliza.

Hakugeuka kunitazama.

"Wa nyumbani," alisema, kisha akaniomba nimletee maji ya kunywa.