Lavenda kwenye Shamba la Kuazima

Asubuhi ile bado naiona, mwanangu. Nimeinama katikati ya mistari yangu ya lavenda kule Ulemo, nakata maua kwa mkasi wa kushonea, naimba kwa sauti ya mtu aliyelewa sifa. Mara Shangazi Naomi akatokea upande wa juu wa shamba. Huyu alikuwa shangazi yake baba yako, mjane, na shamba lile lilikuwa lake.

"Shikamoo, shangazi!"

"Marahaba, mkamwana." Akashika kichaka kimoja, akakitikisa. "Hii inavunwa lini ikaisha?"

"Haiishi, shangazi!" nikajibu, meno yote nje. "Unakata maua tu. Shina lenyewe linakaa miaka kumi, labda na zaidi."

Akatazama chini, akasema, "Haya," akaondoka. Mimi huku nyuma nikaendelea na wimbo wangu, nikiamini nimemfurahisha.

Nakusimulia haya kwa sababu ya simu yako ya jana. Umeniambia baba mdogo wa mumeo amewapa kipande cha kulima huko nje ya Mandewa, mmeshaagiza miche ya lavenda, na wewe utaoka biskuti na keki za kuuza. Nimefurahi, usidhani nimenuna. Ila uliposema, "Ametuazima tu, mama, hana neno," nilikaa chini, chai ikapoa mkononi.

Mimi lavenda niliijulia kwa masista wa misheni, upande wa Itigi, nilipokuwa msichana wa kazi jikoni kwao. Walikuwa nayo kando ya ukuta, maua ya zambarau, harufu inakufuata mpaka kanisani. Walinifundisha kuyakausha kivulini na kuyatia kwenye biskuti, kidogo sana, maana ukizidisha watu wanatafuna sabuni. Mara ya kwanza mimi nilizidisha, na sista mmoja alikula biskuti tatu kwa huruma tu, maskini. Nilipoolewa wakanipa vijiti vya kupanda, vimefungwa kwenye gunia bichi.

Baba yako alikuwa mtoto wa tatu, hakuwa na shamba. Shangazi ndiye aliyetuonea huruma. Alituonyesha kipande chake cha kichanga, akasema, "Limeni mle. Mkipata chenu mtanirudishia." Hakuandika kitu, hakumwita shahidi. Kwetu shamba la kuazima lina desturi yake: unapanda mtama, unapanda alizeti, karanga, kitu kinachovunwa kikaisha. Ukishavuna, udongo unabaki mtupu, na mwenyewe akipita anaona shamba lake bado ni lake. Mtu akipanda kinachodumu, watu wanajua anachotafuta.

Watu wakiniuliza huwa nasema nilikulia kwenye nyumba za reli, desturi ya mashamba ningeijulia wapi. Wewe ni mwanangu, sitakudanganya. Nilijua. Nilijiambia tu kwamba maua si miti, na kwamba shangazi ni mpole. Nikapanda.

Na yakakubali! Kile kichanga kilichomshinda kila mtu kwa mahindi, lavenda ilikipenda. Mwaka wa pili nilikuwa naoka kwenye sufuria, mchanga chini, makaa nimepalia juu ya mfuniko, biskuti za asali na lavenda. Mnadani zilikuwa zinaisha kabla jua halijawa kali. Kichwa kikavimba, nikaanza kusema "shamba langu" mbele za watu.

Baada ya asubuhi ile Shangazi hakukanyaga tena kwetu. Nikampelekea sahani ya biskuti. Ikarudi jioni na biskuti zote, hata moja haijaonjwa. Wewe umekulia huku, unajua chakula kurudishwa maana yake nini. Badala ya kuogopa, nilikasirika. Nikamwambia baba yako, "Shangazi yako ana wivu." Baba yako, mtu asiyependa maneno, alisema tu, "Nenda kamuulize." Siku mbili nilizunguka na hasira yangu, ya tatu nikaenda, nimefunga khanga kiunoni kabisa, tayari kwa ugomvi.

Nilimkuta barazani anapepeta mtama. Pembeni alikuwapo binti yake Rehema na watoto wawili wadogo. Rehema alikuwa ameolewa mbali, upande wa Rungwa, na ndoa ilikuwa imemshinda. Alirudi na watoto na fuko moja la nguo. Hasira yangu ikaanza kupungua pale pale.

Shangazi hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza. Alisema, "Mume wangu alipokufa, jirani aliniomba mahali pa kulima. Nikampa. Akapanda mipera minne. Leo wanawe wanaonyesha mipera, wanasema hapa ni kwa baba yao, na wazee wakawapa. Kipande kilichobaki ni hicho nilichowapa ninyi. Huyu mwenzako amerudi, mvua zinakuja. Nimwambie alime wapi ili wanawe wale? Juu ya maua yako?"

Nikaifungua khanga kiunoni. Rehema alikuwa anatazama pembeni, ameona haya kana kwamba yeye ndiye mkosaji.

"Ungeniuliza," Shangazi akasema. "Labda ningekubali, labda ningekataa. Lakini ungeniuliza, ningelala usingizi."

Mwanangu, nililia. Nililia kwa aibu, na nililia kwa ajili ya maua yangu pia, siwezi kukuficha. Nikaomba aniachie walau mistari miwili. Akasema, "Hapana, mkamwana. Ng'oa yote." Na alikuwa na haki.

Tuling'oa siku nne, mimi na baba yako. Siku ya tatu Rehema akaja na jembe lake, hakuna aliyemwita. Lavenda iliyokomaa haipendi kuhamishwa. Nyingi zilikufa uani kwetu kwenye makopo na ndoo mbovu, na mnadani nilikaa miezi bila biskuti ya kupeleka. Vichaka vichache vilivyopona ndivyo nilivyoanzia upya, mlangoni kwangu, kidogo kidogo. Rehema alipanda mtama na alizeti pale, wanawe wakala. Na Shangazi akarudi kuja kwetu, akakaa jikoni kwangu kama zamani.

Siku tuliyomzika Shangazi, Rehema alinishika mkono akanitoa walikokaa wakwe, akanikalisha upande wa mabinti. Sikuwahi kupewa kitu kikubwa kuliko hicho, na ningekikosa kwa ajili ya biskuti.

Basi nisikilize. Hiyo miche ikifika, iache gunini. Nendeni kwa baba mdogo, wewe na mumeo, kaeni chini, mmwambie waziwazi: mmea huu hauishi kwa msimu mmoja, tunaomba miaka kadhaa, na siku ukilihitaji shamba tutang'oa bila maneno. Mseme mbele ya wanawe, maana wao ndio watakaokaa na nyinyi yeye akiondoka. Mtazame usoni anapojibu. Akisema "hamna neno" huku anatazama chini, hajakubali, muulize tena. Akikataa, mshukuru, pandeni kwenye ndoo mlangoni kwenu, biskuti hazijui lavenda imeota wapi. Na kama mmeshachimba mashimo, nendeni vivyo hivyo, leo, msingoje kesho.

Mungu ayashike mashina yenu yasikauke, awape mikono myepesi kwenye unga na watu wa kula mnachooka. Na huyo mzee aliyewapa ardhi yake, Mungu amjalie alale usingizi kwa sababu yenu.